Maradhi ya Kinga Kujishambulia Yakiwemo Ukooni: Ya Kujua Kabla ya Kuogopa

Kuna swali ambalo sisi watu wa mwambao tunaoishi Nairobi huwa hatulipeleki hospitali. Tunaulizana jikoni, kwa sauti ya chini, na mara nyingi ni pale posa inapokuja: "Yale maradhi ya mama, na yale yaliyomuua khalati, ndiyo haya aliyo nayo dada? Na watoto je?"

Mimi si daktari. Ila nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki miaka mingi nikimsindikiza mgonjwa, na nimeuliza, nimesoma, nikauliza tena. Ninayoyaandika hapa ni yale yanayojulikana kwa uhakika, pamoja na maoni yangu mahali ambapo nadhani yatamsaidia mtu.

Kwetu mlolongo uko hivi. Nyanya mzaa mama, aliyekuwa akikaa Mji wa Kale Mombasa, vidole vyake vilipinda kabla hajafika miaka 50, hata kusuka ukili akaacha. Khalati yangu alivimba uso na miguu akafariki akiwa na miaka 31. Wengine walisema ni figo, wengine wakasema katupiwa kitu. Dada yangu anayenifuata anakaa Umoja, na huu ni mwaka wa tisa ana lupasi. Binamu yetu wa Kaloleni, hii ya Nairobi si ile ya Kilifi, ana rovu linalomfanya moyo umwende mbio na mikono itetemeke. Kwa miaka mingi haya yalihesabiwa maradhi manne mbalimbali, kila moja na sababu yake na mganga wake. Daktari wa dada ndiye aliyeuliza mwanzo, "Kwenu nani mwingine anaumwa?" akayaandika yote kwenye ukurasa mmoja.

Ukurasa ule ndio uliotufungua macho. Baridi yabisi inayopinda vidole, lupasi, rovu la Graves, kisukari cha aina ya 1 kinachowapata watoto, hata mbalanga ya ngozi: yote ni matawi ya mti mmoja. Wataalamu wameyahesabu maradhi ya namna hii zaidi ya 80. Ukoo unaweza kuwa na tawi moja kwa nyanya, jingine kwa mjukuu, na baina yao watu watano wazima wasio na lolote.

Mlinzi anapowageukia wenye nyumba

Kinga ya mwili kazi yake ni kutambua kilicho chake na kisicho chake. Mfikirie mlinzi wa geti pale plotini. Anawajua wapangaji, anamzuia mgeni. Siku moja akili inamgeuka, anaanza kumkamata mama wa chumba namba nne anayerudi na mboga zake. Wezi hawapo, lakini virungu vinapigwa. Mlango utakaovunjwa unategemea mlinzi amemshuku nani: akishuku viungo ni baridi yabisi, akishuku tezi ya shingoni ni rovu la Graves, akishuku kongosho ni kisukari cha aina ya 1. Lupasi ni mlinzi anayeshuku jengo zima, ngozi, viungo, damu, mapafu, moyo na figo.

Silaha za mlinzi huyu ni pamoja na kingamwili, zile chembe za protini ambazo kwa kawaida hushika wadudu wa maradhi. Katika maradhi haya hutengenezwa kingamwili zinazoshika sehemu za mwili wenyewe, na nyingi huonekana zikipimwa kwenye damu.

Je, yanarithiwa?

Hapa ndipo watu wetu wanapochanganya mambo. Pwani tunaijua selimundu vizuri, hasa Kilifi na Kwale. Ile ni hesabu ya wazi: baba na mama wote wakiwa wamebeba jeni yake, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Mtu anaweza kupima kabla ya nikaha akajua anasimama wapi.

Maradhi ya kinga kujishambulia hayaendi kwa hesabu hiyo. Hakuna jeni moja ya lupasi. Ziko nyingi, kila moja ikisukuma kidogo tu, na juu ya hizo kuna mambo ya nje ya damu: maambukizi, jua, moshi wa sigara (kwa baridi yabisi huu umethibitika kuongeza hatari), homoni za kike, na bahati ambayo hakuna mwenye kuieleza. Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa mapacha wa kufanana kabisa, wenye jeni zilezile. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1992 ulikuta kwamba pacha mmoja akiwa na lupasi, mwenzake huwa nayo katika robo tu ya jozi. Kwa baridi yabisi, Uingereza mwaka 1993, ilikuwa kama 15 kwa 100. Yaani hata anayefanana na mgonjwa kwa kila jeni, mara nyingi hapati.

Sasa tarakimu inayowatisha watu. Taiwan, ambako bima ya taifa inamwandikisha karibu kila mwananchi, walichunguza rekodi za watu zaidi ya milioni 23 na kuchapisha mwaka 2015. Ndugu wa mgonjwa wa lupasi alikuwa na hatari mara 24 hivi kuliko mtu wa kawaida, mtoto wa mgonjwa mara 14. Ukisoma hapo ukaacha, utalala na viatu. Lakini jiulize, mara 24 ya nini? Katika watu 1,000 wa kule, hata mmoja mzima hatimii mwenye lupasi. Ukizidisha kitu kidogo kiasi hicho, bado wengi mno wa jamaa za mgonjwa, zaidi ya 95 katika 100, hawapati lupasi. Kwa kisukari cha aina ya 1 mambo ni hayohayo: mtoto ambaye baba yake anacho, hatari yake ni kama 6 kwa 100, ikiwa ni mama, kama 3 kwa 100.

Jibu langu kwa wanaouliza jikoni basi ni hili. Ndiyo, ukoo una maana, wala tusikatae. Lakini kinachorithiwa ni wepesi wa kuugua. Ugonjwa wenyewe huurithi.

Jambo moja halina mjadala: hili ni balaa la wanawake zaidi. Katika kila wagonjwa 10 wa lupasi, 9 ni wanawake, wengi wakianza kati ya miaka 15 na 44. Na huko Marekani, ambako wamehesabu, wanawake wenye asili ya Afrika hupata mara mbili hadi tatu kuliko wazungu, na huwashika kwa ukali zaidi.

Kilifi inahusikaje

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni jambo letu na wengi hawalijui.

Mwaka 1968 daktari Mwingereza Brian Greenwood, akifanya kazi Ibadan, Nigeria, aliandika kwamba maradhi ya namna hii yalikuwa nadra sana katika wodi zake. Akashuku malaria na vimelea vingine: huenda mtu anayeumwa malaria tangu utotoni, kinga yake inashughulishwa kiasi cha kutopata nafasi ya kujigeukia. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake walichukua panya wa maabara wanaozaliwa na ugonjwa unaofanana na lupasi, wakawaambukiza malaria ya panya. Ugonjwa ukapungua.

Kisha ikaja kazi ya Kilifi. Mwaka 2010 watafiti wa Cambridge pamoja na wa kituo cha KEMRI na Wellcome kilichoko Kilifi walichapisha uchunguzi wa jeni iitwayo FCGR2B. Jeni hii hufanya kazi ya breki kwenye seli za kinga. Kuna umbo lake moja ambalo breki yake haishiki. Kwa watu wa Ulaya na Asia, aliyerithi umbo hilo kwa baba na kwa mama ana hatari kubwa zaidi ya lupasi. Lakini walipopima watoto wa Afrika Mashariki, wenye umbo hilohilo walikuwa na hatari ndogo, karibu nusu, ya kupata malaria kali. Na umbo hilo ni la kawaida zaidi kwa watu wa Afrika na Asia ya Kusini Mashariki kuliko kwa wazungu, yaani kulekule malaria ilikokuwa ikiua.

Maana yake ni kwamba kinga kali iliyowavusha babu zetu utotoni, wasife na homa ya mbu, inaweza kuwa ndiyo inayowachoma wajukuu. Mimi hili lilinipa nafuu ya moyo ambayo sikuitarajia kwenye karatasi ya kisayansi. Damu ya nyanya haina laana. Ilimpa kitu, na kitu hicho kina gharama yake.

Ila tusivuke mpaka. Haielezi kila kitu, na "nadra" ya Greenwood huenda nusu yake ilikuwa ukosefu wa vipimo na wataalamu. Khalati yangu hakuandikwa popote kuwa na lupasi. Hakuna aliyempima.

Dalili zinavyoonekana kwetu

Vitabu vingi viliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Vinasema upele mwekundu wa umbo la kipepeo, kuanzia shavu hadi shavu ukipita juu ya pua. Kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Unaweza kuona weusi uliokolea, au rangi ya zambarau, na watu wakasema ni mkorogo umemchoma. Namna nyingine ya lupasi ya ngozi huacha makovu ya mviringo, kati meupe na pembeni meusi, na nywele hazioti tena mahali hapo. Mwimbaji Seal wa Uingereza, tuliyemsikiliza sana ujanani, makovu yake ya usoni yalitokana na lupasi ya aina hiyo.

Viungo navyo vina alama yake. Mchoko wa kazi huuma jioni na hupoa kwa kulala. Baridi yabisi ya kinga huuma alfajiri: vidole vimekakamaa, mtu hawezi kufunga kifungo wala kukamua nguo wakati wa kujiandaa kwa swala, na hukaa hivyo nusu saa, saa nzima au zaidi ndipo vinalegea. Hushika mikono yote miwili kwa pamoja.

Kuna dalili moja ambayo aliyekulia Mombasa anaweza kuishi nayo bila kuijua hadi ahamie Nairobi. Mwezi wa saba, baridi ya Eastlands inapoingia kwenye mifupa, vidole vyake vinageuka weupe wa kifu, kisha buluu, kisha vinawaka. Madaktari huiita hali ya Raynaud. Wengi wenye nayo hawana ugonjwa wowote mwingine, lakini ikiambatana na maumivu ya viungo au upele, imwambie daktari. Dada alinunua glavu mbili pale Gikomba akadhani amemaliza.

Ongeza hizi: uchovu usioisha kwa usingizi, homa za mara kwa mara, vidonda vya mdomoni visivyouma, kunyonyoka nywele, kifua kuchoma ukivuta pumzi, miguu kuvimba, mkojo kutoka na povu, mimba kuharibika mara baada ya mara. Kwa mtoto: kiu, kukojoa sana na kukonda ghafla, huyo apimwe sukari siku hiyohiyo, asingojee kesho.

Shida ni kwamba homa na maumivu ya viungo mtaani kwetu yana majina tayari. Kuna kliniki moja ya ghorofa ya kwanza, sitaitaja, ilimtibu dada taifodi mara tatu na brusela mara moja kabla hajafika kwa aliyemjua. Kila mara karatasi ilisema amepatikana na ugonjwa, kila mara akanunua dawa. Majirani nao walikuwa na utambuzi wao wa kunong'ona, mnaujua, kwa sababu alikuwa amekonda.

Ndio maana ukoo una thamani kwenye chumba cha daktari. Anayesema "nina homa na viungo vinauma" atapata dawa ya taifodi. Anayesema "nina homa na viungo vinauma, dada yangu ana lupasi, nyanya alipinda vidole" ana nafasi kubwa zaidi ya kusikilizwa. Sentensi hiyo haigharimu chochote.

Kupima na kutopima

Baada ya dada kujulikana, wanawake wote wa familia walitaka kukimbilia kipimo kiitwacho ANA. Nawasihi msifanye hivyo mkiwa hamna dalili. Kipimo hiki hutafuta kingamwili zinazoshika kiini cha seli. Karibu kila mgonjwa wa lupasi anazo, lakini na wazima wengi wanazo pia. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 1997 ulikuta, kwa kiwango cha chini cha kupimia, watu wazima wasio na ugonjwa kama 3 kati ya 10 wanatoka na jibu la "ndiyo". Hata kwa kiwango cha juu kidogo, 1:160, bado 5 kwa 100. Utalipa maelfu kununua hofu.

Ni kweli kwamba kingamwili hutangulia ugonjwa. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walitazama damu iliyohifadhiwa ya wanajeshi 130 waliokuja kuugua lupasi, wakakuta 115 walikuwa na kingamwili hizo kabla ya kugunduliwa, mmoja zaidi ya miaka 9 kabla. Lakini wakati huo walikuwa hawaumwi, na hakuna dawa inayotolewa kwa mtu asiyeumwa kwa sababu ya ANA pekee.

Kinachofaa kwa jamaa ya mgonjwa ni kitu cha bei ya chini kabisa. Kipimo cha presha, na kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kuona kama una protini au damu. Figo haziumi zinapoharibika. Lupasi huingia humo kimyakimya, na mkojo husema kabla ya uso kuvimba. Kila ninapomkumbuka khalati nakumbuka kijiti kile. Kinapatikana kila zahanati ya Eastlands.

Mwenye dalili ni mwingine. Huyo apimwe kwa ukamilifu: damu nzima, figo, mkojo, ANA na kingamwili mahususi. Aanzie kituo cha afya cha karibu au Mama Lucy Kibaki, aombe barua ya rufaa kwa daktari bingwa wa viungo. Hospitali ya Kenyatta inao, na za binafsi zinao pia, ingawa kwa nchi nzima ni wachache mno. Tangu Oktoba 2024 bima ni ya SHA badala ya NHIF. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Asiyeajiriwa hulipa ya mwaka kwa mkupuo. Jisajilini mkiwa wazima, pamoja na watoto.

Weka faili. Kila karatasi ya maabara, kila dawa na tarehe yake. Namba 35/60 haikungojei ukarudi nyumbani kufuata matokeo uliyosahau.

Klorokwini yarudi

Sisi wa miaka ya arubaini tunaikumbuka klorokwini, tembe chungu za malaria zilizotuwasha mwili mzima usiku kucha. Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998 kwa sababu vimelea vilishaizoea. Ndugu yake, haidroksiklorokwini, ndiyo nguzo ya matibabu ya lupasi leo. Mwaka 1951 daktari Francis Page wa London aliandika kwamba dawa nyingine ya malaria, mepakrini, iliwasaidia wagonjwa wake wa lupasi, na kutoka hapo njia ikafunguka. Hupunguza mashambulizi, hulinda figo, na huruhusiwa katika ujauzito. Sharti lake ni macho: kipimo cha dawa kisizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, macho yatazamwe mwaka wa kwanza, na baada ya miaka mitano kila mwaka, kwa sababu inaweza kudhuru sehemu ya nyuma ya jicho. Mwaka 2020, ilipovumishwa kuwa inatibu korona, dunia nzima iliigombania na wagonjwa wa lupasi wakahangaika kuipata. Dawa ya korona haikuwa.

Steroidi, kama prednisoloni, ni upanga wa ncha mbili. Huokoa maisha wakati wa shambulio kali. Zikinywewa muda mrefu huleta sukari, presha, mifupa kuwa myepesi na uso kuwa wa mviringo. Na aliyezizoea haachi ghafla hata siku moja. Mwili huwa umesitisha kutengeneza za kwake, na kuacha ghafla kunaweza kuua. Hupunguzwa kidogo kidogo na daktari. Basi zitazameni zile tembe zisizo na jina kwenye bahasha ya kemisti, na zile "dawa za miti" za viungo zinazomfanya mzee acheze lelemama siku ya pili. Katika nchi nyingi dawa za namna hiyo zimepimwa zikakutwa zimetiwa steroidi kwa siri.

Dua, jua na saumu

Sina ugomvi na dua. Kwetu kombe lilinywewa na Yasini ilisomwa, na dada mwenyewe husema zilimtuliza. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu, na sioni mgongano. Mgongano huja mganga anaposema "acha za hospitali kwanza". Hapo figo hazingoji.

Jua huichokoza lupasi, na Nairobi, iliyo juu mita 1,600 na zaidi, ina jua kali hata kukiwa na ubaridi. Buibui na mtandio ni kinga nzuri kuliko mafuta mengi ya dukani. Uso na mikono ndiyo ya kupakwa. Lakini anayejikinga na jua hukosa vitamini D, na mifupa yake huenda tayari inaliwa na steroidi. Muulize daktari kuhusu vitamini hiyo.

Ramadhani izungumzwe na daktari mwezi wa Shaabani. Wapo wenye maradhi yaliyotulia wanaofunga, dawa zikipangwa futari na daku. Mwenye kisukari cha aina ya 1, mwenye figo dhaifu au aliye katikati ya shambulio yuko hatarini, na sheria imeshamfungulia mlango.

Posa

Mpwa wangu, binti wa dada, alichumbiwa mwaka jana. Wazee wawili walishauri kinyamaze, "tusije tukafukuza watu". Mimi na mama yake tulisema hapana. Binti mwenyewe mzima. Tulichokuwa tukiombwa kuficha ni mama mtu, anayekuja harusini na glavu mwezi wa saba. Ami yake ndiye aliyewaeleza upande wa pili, kwa ufupi: mama ana lupasi, haiambukizi, binti hana, uwezekano wa kuipata uko lakini ni mdogo. Waliuliza maswali mawili, moja likiwa kama anaweza kuzaa.

Jibu la swali hilo lina urefu wake. Binti mzima mwenye historia ya ukoo hubeba mimba kama wengine. Amwambie mkunga historia hiyo, apimwe presha na mkojo kila kliniki. Aliye mgonjwa tayari naye anaweza kuzaa, na dada ameshazaa akiwa mgonjwa, lakini kwa mpango: ugonjwa uwe umetulia angalau miezi sita, haidroksiklorokwini iendelee, na daktari abadilishe mapema zile dawa zinazodhuru mimba, kama methotrekseti. Mara nyingi huongezwa aspirini ndogo kabla ya wiki ya 16 kuzuia presha ya mimba. Mwenye kingamwili za kugandisha damu huhitaji dawa zaidi, na asitumie uzazi wa mpango wenye estrojeni. Na mwenye kingamwili iitwayo anti-Ro, moyo wa mtoto hufuatiliwa kwa mashine kati ya wiki ya 16 na 26, kwa sababu katika kila mimba 100 kama hizo, 2 hivi mapigo ya moyo wa mtoto hukwama.

Nikaha ilifungwa mfungo mosi. Binti amehamia Donholm, na nakala ya ule ukurasa wa daktari anayo kwenye mkoba, wenye majina ya nyanya, khalati, mama na binamu, na mbele ya kila jina ugonjwa na umri ulipoanza.